Kuuza na Kuweka

Msomaji asicheke nikisema kwamba swali moja zito katika maswali niliyopata kuyakabili uzeeni lilitoka ndani ya sanduku la bati lililojaa vitabu vya katuni. Najua kuwa katuni huhesabiwa kuwa mambo ya watoto, na kwamba mwalimu akimkuta mwanafunzi ameficha katuni ndani ya kitabu cha hesabu hamwulizi maoni yake juu ya maadili. Lakini uzito wa swali haupimwi kwa uzito wa kitu kilicholizua. Shamba la ekari mia huweza kuuzwa bila mtu kukosa usingizi, na kigoda cha babu kikazua mashauri ya siku saba.

Sanduku hilo lilikuwa la marehemu kaka yangu. Ni la aina ile ambayo wanafunzi wa shule za bweni wanaijua sana: jeusi, lenye komeo mbili, na jina la mwenyewe limeandikwa juu ya kifuniko kwa rangi nyeupe. Ndani yake mlikuwa na matoleo mengi ya Joe, gazeti la kuchekesha lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, nalo likakoma mwaka 1979. Mlikuwa na African Film, ambayo hadithi zake hazikuchorwa bali zilipigwa picha, na ambayo mpelelezi wake, Lance Spearman, vijana wa zama zile walimwita Spear na kuiga hata namna yake ya kuvaa kofia. Mlikuwa na Pichadithi za miaka ya 1980, zilizotia hekaya zetu za kale katika michoro. Chini kabisa vilikuwako vitabu vichache vya Kiingereza kutoka ng'ambo, ambavyo majalada yake yalikuwa yamekwisha kung'oka. Jumla yake vilikuwa 94.

Siku moja alinijia mtu anayefanya biashara ya vitu vya kale. Aliketi sebuleni muda wa saa nzima akivigeuza kimoja kimoja, kisha akasema atatoa shilingi 45,000 kwa vyote. Siku hizo hizo mjukuu wa kaka yangu, msichana wa Kidato cha Tatu, alikuwa nyumbani kwa sababu ya karo. Basi msomaji ataona kwamba jambo halikuwa la nadharia tu. Upande mmoja palikuwa na karatasi kuukuu, na upande wa pili mtoto aliyeketi jikoni wakati wenzake wako darasani.

Wako watakaosema kwamba hapo hapana swali. Karatasi haiwezi kushindana na mtoto. Uza, lipa karo, funga mlango. Nami nilikaribia kusema hivyo. Kilichonizuia ni kwamba nilikuwa na mbuzi wawili zizini, ambao thamani yao haikuwa mbali sana na deni lile, na hakuna aliyekuja kunishauri juu yao. Hakuna aandikaye insha juu ya kuuza mbuzi. Kwa nini basi mtu auze mbuzi kwa dakika kumi, na sanduku la katuni limtie katika fikira za wiki mbili? Nilihisi kuwa nikipata jibu la hilo, nitakuwa nimepata jibu la lile jingine.

Na tuanze na bei, maana ndiyo iliyonigongea mlango.

Mwaka 1938 kilitoka Marekani kitabu cha katuni kiitwacho Action Comics, toleo la kwanza, ambamo Superman alionekana kwa mara yake ya kwanza. Bei yake ilikuwa senti 10. Mwaka 2014 nakala moja ya toleo hilo iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 3.2, na mwaka 2024 nakala nyingine ikauzwa kwa dola milioni 6. Mtu akisikia hesabu kama hizi hukimbilia stoo kupekua makaratasi ya baba yake. Lakini hebu tuulize bei hiyo imetoka wapi. Haikutoka katika karatasi, kwa kuwa karatasi ni ile ile dhaifu ya magazeti. Wala haikutoka katika hadithi, kwa kuwa hadithi hiyo imechapwa tena mara nyingi, na yeyote aweza kuisoma kwa fedha kidogo. Imetoka katika kupotea kwa nakala nyingine. Watoto walizisoma mpaka zikachanika. Akina mama walizitupa pamoja na takataka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili karatasi kuukuu zilikusanywa kwa mahitaji ya vita, na katuni zikaenda pamoja nazo. Vita vilipokwisha, wakubwa wengi wakashikwa na hofu kwamba katuni zinawaharibu vijana, na katika mji wa Spencer, huko West Virginia, mwaka 1948, wanafunzi walikusanya katuni zipatazo 2,000 wakazitia moto mbele ya walimu wao.

Kwa hiyo bei kubwa ya kitu cha kale ni hesabu ya vile vilivyoangamia. Mwenye nakala iliyopona hulipwa kwa ajili ya moto uliochoma nakala za wenzake. Hilo halimfanyi kuwa mwovu, lakini lapaswa kumpunguzia kiburi. Hakukiumba kitu hicho, wala aghalabu hakuiona thamani yake mapema. Alisahau tu kukitupa.

Tena yako mambo yaliyotokea baadaye ambayo hunifurahisha kila niyakumbukapo. Wamarekani walipokwisha kuona kuwa katuni za kale ni mali, wakaanza kununua katuni mpya na kuziweka ili ziwe za kale. Mwaka 1992 lilitoka toleo la 75 la Superman, ambamo shujaa huyo anauawa, nalo likauzwa likiwa ndani ya mfuko mweusi uliozibwa. Watu walinunua nakala mbili mbili na tatu tatu, moja ya kusoma na nyingine za kuweka bila kufunguliwa, wakitumaini kwamba siku moja zingewasomeshea watoto. Nakala zilizouzwa zilihesabiwa kwa mamilioni. Watoto wale wamekwisha kuwa watu wazima, na toleo lile bado hupatikana kwa bei rahisi, kwa sababu kila mtu aliiweka yake. Walioweka kwa kupenda walipata mali bila kuitafuta, na walioweka kwa kutafuta mali walibaki na mifuko myeusi. Sisemi kwamba hiyo ni kanuni ya dunia, kwa kuwa wapo pia walioweka kwa kupenda wakaliwa na mchwa. Lakini yatosha kutuonyesha kwamba bei ni mshauri mbaya wa kumwuliza swali la kuweka. Yeye hajui kesho kuliko sisi.

Liko jambo jingine katika biashara hii linalonitia mashaka zaidi. Tangu mwaka 2000 iko kampuni ya Marekani iitwayo CGC ambayo kazi yake ni kupima hali ya vitabu vya katuni. Kitabu hutazamwa ukurasa kwa ukurasa, hupewa alama ambazo ukomo wake ni 10, kisha hufungiwa ndani ya kasha la plastiki. Kasha likifunguliwa, alama zile hubatilika. Maana yake ni kwamba mwenye kitabu hicho hawezi kukisoma bila kukiharibu. Anaona jalada peke yake, kama mtu anayemtazama ndugu yake kupitia dirisha la gereza. Nimejaribu kuwatetea watu hawa mbele ya nafsi yangu. Nimesema: bila kasha, kitabu kingeoza, na hadithi yenyewe yapatikana kwingine, basi ubaya uko wapi? Sikuona dhuluma yoyote. Hakuna aliyeibiwa. Hata hivyo naona kwamba kitu kilichomo ndani ya kasha kimeacha kuwa kitabu, kama vile mtumbwi uliotundikwa ukutani mwa hoteli ulivyoacha kuwa chombo. Kimekuwa noti kubwa yenye picha nzuri.

Hapo nilikuwa karibu sana kujisifu. Nilikuwa nikisema moyoni kwamba mimi si kama wale, kwamba mimi naweka sanduku la kaka yangu kwa heshima na kumbukumbu. Kisha nikakumbuka kuwa sanduku lile, mpaka mfanyabiashara alipokuja, sikuwa nimelifungua kwa muda wa miaka 11.

Lilikuwa stoo, juu ya magunia, chini ya bati linalovuja. Lilipofunguliwa, harufu ya ukungu ilijaa sebule nzima. Vitabu sita vilikuwa vimeshikana kwa unyevu hata ikawa haviwezi kutenganishwa, na panya alikuwa amekula pembe ya Pichadithi moja. Karatasi za namna hii hutengenezwa kwa mti uliosagwa, nazo hubaki na vitu ambavyo kwa mwanga, joto na hewa hugeuka asidi na kuila karatasi yenyewe. Ndiyo sababu gazeti lililoachwa juani huwa manjano kwa siku chache tu. Kitabu cha katuni kilizaliwa kikiwa na kifo chake ndani, na mtu asiyekifanyia lolote hakiweki, bali anakingojea kife. Miaka 11 nilikuwa nimejiita mwekaji, kumbe nilikuwa muuaji wa polepole. Kama ningaliviuza siku ya matanga, vile sita vilivyoshikana vingalikuwa vizima mahali fulani.

Naomba wasomaji vijana wanisikilize hapa, maana ni rahisi kulipita jambo hili haraka. Tumezoea kudhani kwamba katika kuuza na kuweka, kuuza ni tendo na kuweka ni kutotenda. Anayeuza atajieleza, anayeweka haulizwi kitu. Lakini kuweka ni kazi kama kazi nyingine. Panahitajiwa mahali pakavu, jicho la kukagua, mkono wa kufuta vumbi, na zaidi ya yote panahitajiwa mtu wa kusoma. Mtu asiyefanya hata moja katika hayo amekwisha kuachana na mali yake, ila hajapokea fedha. Ameuza bure, na mnunuzi wake ni mchwa.

Basi kwa nini nilikuwa nimeling'ang'ania? Mjukuu wangu ndiye aliyenisaidia kulijua hilo, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na nia ya kuniuliza swali la kawaida tu. Kwa siku nne tangu mfanyabiashara aondoke, alikuwa akisoma vitabu vile sakafuni, akicheka peke yake, na mara mbili nilimsikia akimsomea nyanya yake kwa sauti. Siku ya nne akaniambia, "Babu, nikivisoma vyote kisha ukaviuza, tutakuwa tumepoteza nini?"

Sikuwa na jibu. Lile ni swali la mtu mwenye akili. Chakula kikiliwa kimekwisha. Nguo ikivaliwa huchakaa. Lakini hadithi ikisomwa hubaki nzima kwa mwingine, na aliyeisoma huondoka nayo kichwani. Katika vitu vyote vya dunia, kitabu kilichokwisha kusomwa ndicho ambacho mtu angepaswa kukitoa kwa moyo mweupe kabisa. Wale vijana wa Nairobi wanaotandaza vitabu kuukuu kando ya njia, wateja wakainama kuchagua hata mahali penyewe pakaitwa inama, wanaishi kwa ukweli huo. Kitabu kimoja huuzwa pale, husomwa, hurudi, huuzwa tena. Hakuna aliyepoteza kitu, na wengi wamepata elimu ambayo wasingeimudu dukani.

Nilimjibu kwamba tutapoteza vitu vya babu yake.

Akasema, "Lakini mimi sikumwona, babu."

Ni kweli. Alizaliwa kaka yangu akiwa amekwisha kufariki. Nilichukua gazeti moja la Joe kutoka mkononi mwake ili nimwonyeshe kitu ambacho nilikuwa nimekisahau mpaka dakika ile. Ndani ya jalada la nyuma, kwa kalamu ya wino wa buluu, palikuwa na majina. Kaka yangu aliazimisha vitabu vyake kwa vijana wa kijiji kizima, naye hakuwa mtu wa kuamini ahadi ya mdomo. Kila aliyeazima aliandikwa jina na tarehe, na aliporudisha aliandikiwa mbele yake neno "amerudisha". Jina la mmoja lilikuwa halina neno hilo, na kitabu kilikuwa mikononi mwetu, kwa hiyo nadhani kaka yangu alikifuata mwenyewe akasahau kuandika, au alikasirika asitake kuandika. Jina langu nililiona mara saba. Mara mbili nilichelewa.

Mjukuu wangu aliyasoma majina yale polepole kuliko alivyosoma katuni. Baadhi aliwajua: mzee wa kanisa, mwenye kinu cha mahindi, mama mmoja ambaye sasa haoni. Akauliza kama ni kweli kwamba mzee wa kanisa alikuwa akisoma Spear. Nikamwambia kwamba alikuwa akivisoma usiku kwa kibatari, na kwamba aliwahi kuunguza ukurasa, na ukurasa huo tukautafuta tukaupata.

Sasa, jambo la ajabu ni hili. Mfanyabiashara alipokuwa akivigeuza vitabu vile, kila alipokuta majina alikunja uso. Alinieleza kwa adabu kwamba wanunuzi wake wanapenda kitabu kisafi, na kwamba wino wa kalamu hupunguza bei kwa kiasi kikubwa. Sikumlaumu, yeye anaijua kazi yake. Lakini nilipokuwa sakafuni pamoja na mtoto yule niliona kwamba wino mmoja ulikuwa ukipunguza bei na kuongeza thamani kwa wakati ule ule, katika ukurasa ule ule. Sijapata kuona mfano ulio wazi kama huo wa kutofautisha maneno hayo mawili, ambayo watu huyatumia kama kwamba ni pacha. Bei ni kile ambacho mgeni asiyetujua atatoa. Thamani ya majina yale mgeni hawezi kuitoa hata akitaka, kwa sababu kwake si majina, ni uchafu.

Na hapo ndipo nilipolipata jibu la mbuzi. Mbuzi nikimwuza, anayenunua anapata kila nilichokuwa nacho: nyama, maziwa, ngozi. Hakuna sehemu ya mbuzi inayobaki bila mwenyewe. Lakini katika sanduku lile palikuwa na kitu ambacho kikitoka mlangoni hakiendi kwa mwingine yeyote, kinakoma kuwapo. Nadhani hiki ndicho kipimo cha haki cha mambo ya namna hii, nami nakitoa kwa unyenyekevu. Kabla ya kuuza kitu cha kale, mtu ajiulize: je, anayekinunua atakipata chote? Kama atakipata chote, basi kuuza ni kukihamisha tu. Kama kuna sehemu ambayo hawezi kuipata hata akilipa mara kumi, sehemu hiyo haiuzwi, inaharibiwa.

Mwuzaji naye ajue hasa anauza nini, maana wapo waliouza zaidi ya walivyodhani. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili waliombuni Superman, mwaka 1938 walilipwa dola 130 kwa hadithi ile ya kwanza, na pamoja na kurasa hizo wakatoa haki zote juu ya shujaa wao. Waliudai urithi wa akili zao kwa miaka mingi, na haikupata kuwa mpaka mwaka 1975, wakiwa wamezeeka, walipopewa malipo ya kila mwaka na majina yao kurudishwa katika kazi yao. Wao waliuza karatasi wakidhani ni karatasi.

Lilibaki dai moja ambalo sikuweza kulitimiza vizuri, nami nalisema ili msomaji asidhani kwamba nilipata njia isiyo na doa. Ni dai la nchi. Matoleo ya Joe ni sehemu ya maisha ya Nairobi ya miaka ya 1970: matatu zake, baa zake, karani na bosi wake, kucheka kwa mtu mdogo katikati ya shida. Yakienda ng'ambo yote, mtafiti kijana wa Kenya atalazimika kupanda ndege kwenda kuwasoma babu zake. Nilipomwuliza mfanyabiashara yatakwenda kwa nani, alinijibu kwa ukweli kwamba yatakwenda kwa atakayelipa.

Hapo nilimkumbuka Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966. Murumbi alikusanya vitabu na kazi za sanaa za Afrika kwa miaka mingi, na miongoni mwa vitabu vyake vilikuwamo zaidi ya 8,000 vilivyochapwa kabla ya mwaka 1900. Palikuwa na wanunuzi wa ng'ambo wenye fedha nyingi. Yeye alichagua kuiuzia serikali ya Kenya, na leo hazina hiyo iko katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, katikati ya Nairobi, ambapo mwanafunzi yeyote aweza kuingia. Murumbi aliuza, naye aliweka, kwa tendo moja. Lakini hadithi haikuishia katika uzuri huo. Nyumba yake ya Muthaiga nayo aliiuzia serikali kwa tumaini kwamba ingekuwa chuo cha kutafiti mambo ya Afrika. Chuo hakikuwako, na nyumba ikabomolewa. Kuwapa umma ni jambo bora, ila umma nao hauna budi kujua kuweka, na tumekwisha kuona kwamba kuweka ni kazi.

Mimi si Murumbi, na sanduku langu halikuwa hazina ya taifa. Hata hivyo dhamiri yangu haikutulia, na mpaka sasa haijatulia kabisa.

Tulifanya hivi. Mimi na mjukuu wangu tuliketi siku mbili tukavigawa vitabu katika mafungu. Vyenye majina, ambavyo vilikuwa 37, tukavitenga. Vile sita vilivyoshikana nikavizika katika shimo la mbolea, kwa maana sikutaka kuviona. Visivyo na majina tukamwita mfanyabiashara avitazame upya. Msichana aliomba abaki na vitatu katika hivyo visafi kwa sababu ya michoro yake tu, nami sikuona sababu ya kumkatalia; kupenda kitu kwa ajili ya uzuri wake ni hoja nzuri kama hoja nyingine, na pengine ni ya zamani kuliko zote. Matoleo ya Joe yaliyobaki aliyapiga picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka simu ikazimika. Picha si kitabu, lakini ni bora kuliko hadithi kwamba palikuwa na kitabu.

Vitabu 48 vilivyobaki vilileta shilingi 26,000. Mfanyabiashara alitaka kupunguza zaidi kwa kuwa seti imevunjika, nasi tukabishana mpaka chai ikapoa. Deni la karo lilikuwa kubwa kuliko fedha hizo, basi nikauza na mbuzi mmoja, kwa dakika kumi.

Sanduku halikurudi stoo. Liko chumbani, juu ya matofali manne, na kila mwisho wa mwezi nyanya yake msichana hulifungua, akaliacha wazi mchana kutwa mahali pasipofika jua. Siku ya kurudi shuleni mjukuu wangu aliomba aende na toleo moja la Joe, lenye majina 14. Nilimwonya juu ya walimu, nikamwonya juu ya mvua, kisha nikampa. Alipokuja likizo nilimwuliza gazeti liko wapi. Akasema limeazimwa, na kwamba ameandika jina la aliyeliazima.

Nikamwuliza ameandika kwa kalamu gani.

"Ya buluu," akasema.